Mwalimu hodari apewe darasa la kwanza

KUTOKA UBAONI
Na Neema Kisanga

Muda si mrefu shule za msingi zitafunga, na walimu wakuu wataketi na walimu wa taaluma kupanga nani afundishe darasa gani mwakani. Kikao hicho hakina mgeni rasmi, hakitangazwi popote, na wazazi wengi hawajui hata kama kipo. Kwangu mimi ndicho kikao kikubwa kuliko vyote vinavyofanyika shuleni.

Mgawanyo wake tunaujua. Darasa la saba hupewa wale ambao shule nzima inajua kwamba wanafundisha: mwalimu wa hisabati asiyekosa kipindi, mwalimu wa Kiingereza anayesahihisha madaftari hadi jua linazama. Darasa la nne, kwa kuwa nalo lina upimaji wa kitaifa, hupewa wanaofuatia. Darasa la kwanza mara nyingi hupewa aliyebaki. Ni ajira mpya aliyeripoti juzi, au aliyehamishiwa hapo bila kuombwa, au mwenye afya mbaya anayedhaniwa hawezi mikikimikiki ya madarasa ya juu. Anakabidhiwa boksi la chaki na watoto mia moja na zaidi.

Siwatupii lawama walimu wakuu peke yao. Ukiwauliza, watakwambia kwamba afisa elimu akipiga simu anataka kujua ufaulu wa la saba; hakuna anayepiga simu kuuliza watoto wangapi wa la kwanza wamejua kusoma. Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule bora na watahiniwa bora kuanzia Januari 2023, na uamuzi ule ulikuwa wa busara. Lakini huku chini, kwenye kata na halmashauri, orodha bado zinapangwa, na mwalimu mkuu aliyeshika mkia anajua kitakachomkuta kwenye kikao.

Kaa nyuma ya darasa la kwanza asubuhi moja uone. Ubaoni pameandikwa ma, me, mi, mo, mu. Mwalimu anagusa kila silabi kwa fimbo, watoto wanaitikia kwa sauti moja inayosikika hadi barabarani. Aliye nje atasema wote wanajua. Sasa mwombe mwalimu aanze na mo, arudi me, aruke hadi mu. Sauti inapungua nusu. Akirudia kwa mpangilio mwingine, wanabaki wachache wa dawati la mbele. Wengine wote walikuwa wanaimba tu. Yule aliyekaa karibu na mlango anatazama mdomo wa mwenzake, ubao hautazami kabisa.

Mwalimu anayeijua kazi hadanganyiki na kelele ile. Anavuruga mpangilio wa silabi kwa makusudi. Anamwita mmoja mmoja, anapita katikati ya madawati, anainama kumsikiliza mtoto anayepitisha kidole chini ya ki, kisha ko, kisha mbe, mpaka aone mwenyewe kwamba ameandikiwa kikombe. Anajua huyu anachanganya b na d, yule haoni vizuri na anatakiwa kusogezwa mbele, na yule mwingine anasinzia kwa sababu hajala. Vizibo vya soda na vijiti vya kuhesabia vimo kwenye mfuko wake. Kuifanya kazi hiyo kwa watoto mia kunahitaji ujuzi mkubwa kuliko kufundisha maswali ya mtihani kwa watoto ambao tayari wanasoma. Wengi wa wanaoiweza ni walimu wa kike wa umri mkubwa, na kila mwaka tunawaaga kwa kitenge na picha ya pamoja wakitimiza miaka 60, bila kijana hata mmoja kukaa pembeni yao muhula mzima akajifunza.

Kiswahili, kwa bahati nzuri, kinasomwa kama kinavyoandikwa. Mtoto aliyezishika silabi vizuri ana uwezo wa kusoma kibao cha duka na tangazo la zahanati kabla hajaingia darasa la tatu. Kwa hiyo mtoto mwenye afya njema anayefika la nne bila kujua kusoma hakushindwa na lugha. Hakupata mwalimu. Anaanza kuishi kwa kunakili: mwandiko mzuri, daftari safi, hajui alichoandika. Akifika la saba ndipo tunamkumbuka, tunamweka kambi, tunamtafutia masomo ya ziada, tukitaka mwalimu wa pale afidie kwa miezi minane kilichokosekana miaka sita.

Upo utafiti uliofanyika hapa hapa Tanzania ambao ningependa kila mkurugenzi wa halmashauri ausome. Mwaka 2013 na 2014 taasisi ya Twaweza iliendesha jaribio la KiuFunza katika shule za msingi 350, likilenga darasa la kwanza hadi la tatu. Shule za kundi moja zilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi. Kundi la pili halikupata ruzuku, bali mwalimu aliahidiwa shilingi 5,000 kwa kila mtoto atakayefaulu somo lake. Kundi la tatu lilipata vyote viwili, la nne halikupata kitu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba ruzuku peke yake haikupandisha alama za watoto. Ahadi kwa walimu peke yake ilileta mabadiliko madogo. Palipokuwa na vyote viwili, watoto walijifunza zaidi, na tofauti ilikuwa dhahiri.

Wapo waliosoma matokeo hayo wakasema mwalimu wa Tanzania anataka pesa tu. Mimi nasoma vingine. Naona mwalimu wa la kwanza ambaye hatimaye alijua kwamba mwisho wa mwaka atakuja mtu kuuliza kama watoto wake wanasoma, na akawa na vitabu vya kufanyia kazi hiyo. Sipendekezi kila mtoto awekewe bei. Napendekeza aulizwe habari zake.

Na heshima nayo ina sura ya fedha, tusijifiche. Tangu 2016 Serikali inawalipa walimu wakuu wa shule za msingi posho ya madaraka ya shilingi 200,000 kwa mwezi, na maafisa elimu kata 250,000. Ni haki yao. Anayemfundisha mtoto kusoma hana posho ya namna hiyo.

Wenzetu wa Kenya, kupitia mpango wa Tusome ulioanza 2015, walimpa kila mtoto kitabu chake, mwalimu kiongozi chake, na wakamtuma ofisa darasani kusikiliza watoto wakisoma. Hili la mwisho ndilo lililo rahisi kwetu kuliko yote. Afisa elimu kata akifika shuleni asiishie kusaini kitabu cha wageni ofisini. Aingie la kwanza, achague watoto watano, awasikilize.

Muda wenyewe unapungua. Mtaala ulioanza kutumika 2024 unaifupisha elimu ya msingi kutoka miaka saba hadi sita, maana yake mwaka mmoja wa kurekebisha makosa umeondoka.

Basi, walimu wakuu, mtakapoketi kugawa madarasa, anzeni na la kwanza. Mpelekeni mwalimu mnayemtegemea zaidi, na mkimpeleka, mwambieni mbele ya wenzake kwamba amepandishwa. Nanyi wazazi, Januari mkienda kuandikisha watoto, kabla ya kuuliza sare na michango, ulizeni nani atafundisha darasa la kwanza na kwa nini amechaguliwa yeye.