Nikeli, ngozi yangu na muuza saa wa Luthuli Avenue

Najua niliahidi sehemu ya pili ya ile makala ya hifadhidata. Itakuja, msinikate kichwa. Leo nina jambo linaloniwasha, tena sisemi kwa mafumbo. Linaniwasha kwenye kifundo cha mkono, chini ya kitovu na nyuma ya sikio la kushoto.

Nina mzio wa nikeli. Nikeli ni ile metali nyeupe ambayo viwandani hupakwa juu ya vyuma vya bei nafuu ili ving'ae na visishike kutu. Iko kwenye kifungo cha jinzi, chuma cha mshipi, fremu ya miwani, funguo, vipuli vya barabarani, mikanda ya saa. Ukiivaa nawe una mzio, ngozi inawasha, inatoa vipele, inapasuka na kutoa maji. Haiui mtu. Lakini jaribu kuandika programu saa nane mfululizo huku unajikuna kama mbuzi aliyeegemea ua.

Ilinichukua karibu miaka miwili kujua. Nilibadilisha sabuni. Nikabadilisha dobi. Kwenye duka la dawa niliambiwa ni choa, nikapaka krimu ya choa mpaka nikachoka. Sasa ninyi mnaoandika programu mtanielewa. Hitilafu inayoangusha programu papo hapo haisumbui sana. Balaa ni ile inayojitokeza Alhamisi kwa sababu ya kitu ulichokifanya Jumanne. Mzio wa nikeli ndivyo ulivyo. Upele hutoka saa 24 hadi 72 baada ya kugusana na chuma, na kufikia hapo umeshakula, umeoga na kuvaa vitu vingine chungu nzima. Unalaumu chochote kilicho karibu. Mimi nililaumu samaki.

Daktari wa ngozi ndiye aliyemaliza ubishi. Jumatatu alinibandika vibandiko vidogo mgongoni, kila kimoja na kemikali yake, akanikataza kulowesha mgongo. Jumatano akavibandua, Ijumaa akatazama tena. Pale palipokuwa na nikeli palikuwa pekundu na pamevimba, kwingine kote pakavu. Laiti vipimo vyangu vya programu vingekuwa wazi hivyo!

Jinsi inavyofanya kazi ni hivi. Jasho lina chumvi, na chumvi huyeyusha nikeli kidogo kidogo kutoka kwenye chuma. Ile iliyoyeyuka inapenya ngozi, na seli za kinga zinaiweka kwenye orodha ya maadui. Mara ya kwanza huoni kitu. Zinajifunza tu. Zikishajifunza, basi, ni ya maisha. Madaktari wana krimu za kutuliza upele, lakini hakuna dawa ya kuifanya kinga isahau. Hakuna kitufe cha kufuta.

Baada ya hapo nikaenda Luthuli Avenue kununua saa nyingine, ile ya kuhesabu hatua na mapigo ya moyo. Muuzaji alijua kila kitu. Betri inakaa siku ngapi, kioo kina pikseli ngapi, inahimili maji ya kina gani. Nikamuuliza, hiki chuma cha mgongoni kinachogusa mkono ni cha aina gani? Akanitazama, akaipindua, akasema, "Boss, hiyo ni chuma original." Nikamuuliza kama ina nikeli. Akaniuliza kama nataka yenye nikeli, ataniletea.

Nilicheka, lakini simlaumu. Boksi lenyewe halikuwa na neno. Na hapa ndipo hoja yangu ilipo: tumezoea kudai sifa za kila kitu ndani ya kifaa, halafu sehemu pekee inayogusa mwili wetu usiku na mchana tunainunua kwa macho.

Si kwamba jambo hili halipimiki. Denmark ilianza kuliwekea sheria mwaka 1990, na Umoja wa Ulaya ukafuata mwaka 1994. Kilichonifurahisha kama mhandisi ni namna walivyoandika kipimo chao. Hawakuuliza chuma kina nikeli kiasi gani. Waliuliza kinatoa kiasi gani. Kitu cha kukaa kwenye ngozi kisitoe zaidi ya mikrogramu 0.5 kwa kila sentimita mraba kwa wiki, na kipini kinachopita kwenye tundu la sikio kisizidi 0.2. Hiyo ni akili. Chuma cha pua cha kawaida, kile cha masufuria na sinki, kina nikeli karibu asilimia 8 lakini imeshikiliwa vizuri, inatoka kidogo sana. Kifungo kilichopakwa nikeli nyembamba juu tu kinaweza kuimwaga. Ni kama nywila ndani ya programu. Swali ni kama inavuja. Na huko Denmark, uchunguzi wa baadaye ulionyesha mzio umepungua kwa wasichana waliotobolewa masikio baada ya sheria.

Mtu atasema haya ni mambo ya vipuli, hayahusu teknolojia. Mwaka 2014 saa ya Fitbit Force iliondolewa sokoni baada ya maelfu ya wateja kulalamika kuwa inawatoa upele. Kampuni ilitaja nikeli kwenye chuma na gundi za mkanda kuwa huenda ndizo chanzo. Mwaka huohuo jarida la Pediatrics lilieleza habari za mvulana wa miaka 11 huko San Diego, Marekani, ambaye upele wake ulihusishwa na iPad ya nyumbani. Walipoiwekea kifuniko, akapata nafuu.

Mimi naishi kwa hila ndogo ndogo. Nimeagiza ile kemikali ya kupimia, dimethilglayoksimu. Unachovya pamba, unasugua chuma kwa nusu dakika, ikigeuka waridi umekamata mwizi. Vifungo vya jinzi za mitumba navipaka rangi ya kucha isiyo na rangi, na narudia inapobanduka (dukani wananitazama vibaya, nimezoea). Na M-Pesa imenipunguzia sarafu.

Ila wiki iliyopita dada yangu alipiga simu. Mpwa wangu ana miezi mitano na Jumamosi anatobolewa masikio. Vipuli vimeshanunuliwa, vyeupe, vinang'aa, bei nafuu, bila jina wala maandishi. Nikaenda na pamba yangu. Ikageuka waridi kabla sijahesabu kumi.

Mama akasema, "Wewe na kemikali zako. Sisi sote tulitobolewa na tukapona."

Nikamwonyesha mkono wangu. Dada hakusema kitu, alivirudisha tu kwenye karatasi yake. Tumekubaliana Jumamosi isogezwe, na mimi mjomba nitafute vya titani na kulipia. Nimepita maduka matatu mpaka sasa. Mawili waliniambia titani ni rangi. Kama unajua mtu Nairobi anayeuza vya kweli, niandikie, nitakuja na pamba yangu.