Mama Asilaumiwe Bure

Hapa Keshero mimba ya mama ikiharibika mara moja, majirani humpa pole. Ikiharibika mara ya tatu, humsengenya. Huyu hutaja laana, yule uchawi, na mume hushauriwa kuoa mwingine. Sisi twasema: kwanza ipimwe damu.

Damu imeumbwa kuganda ili jeraha lifunge. Lakini katika watu wengine kinga ya mwili hukosea njia, damu ikaganda kupita kiasi. Mabonge madogo yaweza kuziba mishipa ya kondo la nyuma, mtoto akakosa chakula. Daktari Graham Hughes wa London aliueleza ugonjwa huo mwaka 1983. Damu hupimwa mara mbili, kati yake majuma 12 au zaidi. Mimba ikiingia tena, daktari huweza kuagiza aspirini kidogo pamoja na sindano za heparini, na akina mama wengi wamezaa salama. Lakini mtu asijitwalie dawa hizo mwenyewe.

Si kila mimba huharibika kwa sababu hiyo. Hata hivyo, enyi waume, kila mmoja afuatane na mkewe hospitalini. Mliahidiana uaminifu katika taabu. Taabu yenyewe ndiyo hii.