Mvua ya Chumbani na Stara ya Mwanamwali

Mvua ya Kisii haina haja ya kuombewa. Kutoka Kisii mjini hadi Nyamira, penye migomba na majani chai, hunyesha zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka. Basi nilistaajabu, siku niliyokuwa mji huo, kuingizwa katika studio ambamo mvua hutengenezwa ndani ya chumba, hali nje inamwagika ya Mola.

Mpiga picha alinieleza, nami nikamkubalia. Mvua ya mbinguni haionekani vyema pichani isipomulikwa kwa nyuma; tena huja itakapo, na huharibu kamera. Yake hutoka katika bomba lililotobolewa matundu, likaning'inizwa darini. Nyuma huwekwa kitambaa cheusi na taa iliyofichwa, na kila tone hung'aa kama lulu. Nyaya hukaa mbali na maji, kwani umeme hauna mchezo.

Kwa ufundi huo sina ugomvi. Hila za studio si ngeni kwetu watu wa pwani. Marehemu Omar Said Bakor wa Lamu, aliyefariki mwaka 1993, alisifika kwa kukata picha na kuziunganisha hata zikawa kama ndoto.

Ugomvi wangu ni huu. Mwanamwali aliyekuwa akipigwa picha alivaa gauni jepesi. Maji yalipomfika, nguo ilimganda mwilini, naye akakunja mikono kifuani. Akaambiwa aishushe. Akaishusha. Nilitazama chini, nikatoka, na hadi leo najilaumu kwa kunyamaza. Nilipomuuliza baadaye, alisema hakuambiwa nguo ile ikirowa itakuwaje, wala picha zitakwenda wapi.

Kuna watakaosema: si alikubali mwenyewe, tena kwa malipo? Nami najibu: asiyejua alikubalije? Hata Sheria ya Kulinda Data ya Kenya, ya mwaka 2019, yataka idhini iwe ya hiari na ya mtu aliyeelewa, na yampa haki ya kuiondoa baadaye.

Wazee wetu walinena: aibu ya maiti aijuaye mwosha. Mpiga picha naye ni mwosha wa walio hai. Ayaonayo ni amana. Basi na achague nguo nzito, au yenye bitana. Na awepo mwanamke mwingine chumbani. Na mwenye sura azione picha kabla ya mtu mwingine yeyote, na akikataa moja, ifutwe mbele yake.

Mvua ya Mungu ni rehema. Ikikatika, jua hutoka na nguo hukauka. Lakini picha ikishatoka mlangoni, hakuna jua la kuikausha. Maji yakimwagika hayazoleki, hata yakiwa ni ya bomba.