MASHINE NA UTUNZAJI WAKE: Injini Izimikayo Ikiachiwa Mafuta

Barua tunayoijibu juma hili yatoka Bokoli, katika Kaunti ya Bungoma. Mwandishi wake ni mkulima wa mahindi ambaye, baada ya kuuza mavuno, alinunua pikipiki ili mwanawe achukue abiria. Asema kwamba pikipiki huwaka vema asubuhi, na katika barabara ya Misikhu haina lawama; walakini kijana akiachia mafuta ili abiria ashuke, injini hupandisha na kushusha sauti yake kama mtu mwenye pumu, kisha huzimika. Mafundi wawili wamekwisha kuigusa. Wa kwanza aliuongeza mvumo, wa pili akaupunguza, na kila mmoja alipokea malipo yake. Bwana huyu atuuliza mambo mawili: ugonjwa ni nini, na je, anunue kabureta mpya?

Swali hili ni la watu wengi. Tangu mwaka 2008, Serikali ya Kenya ilipoondoa kodi ya VAT juu ya pikipiki ndogo, vyombo hivi vimeenea kila kijiji, na kazi iliyoanzwa na baiskeli za mpakani Busia katika miaka ya 1960 sasa yafanywa na injini. Tena si jambo la kuchekea. Katika pikipiki nyingi ndogo taa ya mbele hupata umeme kutoka injini yenyewe, si kutoka betri. Kijana akishuka mteremko usiku, akashika klachi na kuachia mafuta, injini ikizimika taa nayo huzimika papo hapo. Abiria aliye nyuma yake huenda ni mama mjamzito anayepelekwa hospitali. Basi tusiseme kwamba pikipiki inayozimika kituoni ni usumbufu tu.

Kwanza yafaa tufahamu jinsi kabureta inavyofanya kazi. Ndani yake mna njia mbili za petroli. Njia kubwa hutumika mafuta yanapovutwa. Yakiachiwa, njia hiyo hukaribia kufungwa, na injini huishi kwa petroli ipitayo katika tundu moja dogo, ambalo upana wake haufiki nusu milimeta. Ndiyo sababu chembe ya kutu kutoka tangini, ambayo barabarani haisikiki hata kidogo, yatosha kuiua injini kituoni. Na ndiyo sababu mtu hawezi kusema, "Mbona yapanda mlima vizuri? Basi kabureta ni nzima." Mlima wajaribu njia kubwa, kituo chajaribu njia ndogo.

Kabla ya kufungua kitu chochote, ifanyiwe injini jaribio moja lisilogharimu senti. Iendeshwe mpaka ipate moto sawasawa, kisha iachwe ivume polepole, na choki ivutwe kidogo tu. Choki huongeza petroli na kupunguza hewa. Ikiwa sauti yatulia na injini yapata nguvu, maana yake ilikuwa na njaa ya petroli, au hewa ya wizi yaingia mahali fulani. Ikiwa yazidi kukohoa na kuzimika upesi, basi petroli ilikuwa nyingi kupita kiasi. Plagi nayo hutoa ushahidi: nyeupe kama chokaa ni njaa, nyeusi yenye masizi ni shibe iliyopita kiasi, na rangi ya hudhurungi ni afya.

Wako watu Ulaya na Marekani ambao hujiburudisha kwa kurusha eropleni ndogo za mfano, zenye injini isiyozidi ukubwa wa ngumi, nao wana jaribio la namna hiyo hiyo. Injini ikivuma polepole, hubana kwa vidole mpira unaoleta mafuta. Ikizimika mara moja ilikuwa na njaa. Ikiongeza kasi kwanza ndipo izimike, ilikuwa imeshiba mno. Ukubwa wa mashine hubadilika, lakini kanuni ni ile ile.

Kwa dalili alizotueleza bwana wa Bokoli, yaani sauti kupanda na kushuka kabla ya kuzima, sisi twadhani pikipiki yake ina njaa. Na aanze na usafi. Chini ya bakuli la kabureta mna skrubu ya kumwagia. Aifungue na kukinga petroli katika chupa nyeupe, kisha aiache itulie. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yatakaa chini na kuonekana wazi, pamoja na kutu na mchanga. Petroli ya chupa iuzwayo kando ya barabara yastahili kutiliwa shaka zaidi. Uchanganyaji wa mafuta ya taa ulizidi hata Serikali mwaka 2018 ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta hayo ili kuwavunja moyo wadanganyifu. Mafuta ya taa hayageuki mvuke kwa wepesi kama petroli, na injini inayovuma polepole huwa ya kwanza kuonyesha taabu.

Ikiwa uchafu umeonekana, kabureta na ifunguliwe, na tundu dogo lipulizwe kwa pampu ya upepo. Tafadhali lisichokolewe kwa waya wa chuma. Waya hulipanua tundu, na tundu lililopanuka halirudi.

Baada ya hapo atazame mpira unaounganisha kabureta na injini. Jua na mtikisiko huupasua, na nyufa zake nyingine hazionekani mpaka mpira ukunjwe. Injini ikiwa yavuma, apake maji ya sabuni kwa brashi pande zote za mpira huo. Sauti ikibadilika, hapo ndipo mwizi wa hewa aingiapo. Wako wanaofanya jaribio hili kwa kunyunyiza petroli juu ya injini yenye moto. Huo ni upumbavu ulio wazi.

Wengi watasema kwamba kosa ni la hewa ya nchi yetu ya juu. Ni kweli kwamba hewa ya Kitale, mji ulio karibu mita 1,900 juu ya bahari, ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa kadiri ya sehemu moja katika sita, na injini iliyotengenezwa sawasawa pwani itapata petroli nyingi mno ikifika huku. Lakini hiyo ni shibe, si njaa. Tena pikipiki iliyovuma vema Bokoli mwezi uliopita haiwezi kuusingizia mwinuko, maana Bokoli haikuhama.

Hapo tu, mambo hayo yakiisha, ndipo bisibisi iguse skrubu. Ziko mbili, na mafundi wa haraka huzichanganya. Moja huinua mvumo tu, na kuizungusha ni sawa na kumpigia kelele mgonjwa asilale. Ya pili hupima mchanganyiko wa petroli na hewa. Ikiwa iko upande wa injini, kwa kawaida kuilegeza huongeza petroli. Ikiwa iko upande wa kichujio cha hewa, kuilegeza huongeza hewa. Ikazwe taratibu mpaka ifike mwisho, bila kutumia nguvu, kisha ilegezwe mzunguko mmoja na nusu. Injini ikiwa na moto, izungushwe robo kwa robo mpaka sauti iwe ya juu na tulivu kuliko zote. Kisha mvumo upunguzwe kwa ile skrubu ya kwanza, hadi mizunguko ipatayo 1,400 kwa dakika, au kama kitabu cha pikipiki kisemavyo.

Ikiwa bado yazimika, nafasi ya valvu ipimwe injini ikiwa baridi. Nafasi hiyo ni ndogo sana, aghalabu sehemu ya kumi ya milimeta au pungufu, na valvu iliyobana huvujisha nguvu hasa injini inapovuma polepole.

Kuhusu kabureta mpya, twamshauri asinunue bado. Kabureta haichakai upesi isipokuwa imekwaruzwa na waya au skrubu zake zimeharibiwa, na nyingi za bei rahisi zinazouzwa madukani zina matundu yasiyolingana na injini yake. Mpira mpya na plagi mpya ni bei ndogo kuliko kabureta. Akivipata, kijana aitie injini moto kwa safari ya kwenda Misikhu na kurudi kabla ya kuipima tena, na aandike mahali idadi ya mizunguko ya skrubu, ili fundi wa tatu akija ajue pa kuanzia.