Ndege wa Bukini Asiyefika Bukini

Yuko sululu mmoja, mkubwa kuliko sululu wote, aitwaye Numenius madagascariensis; neno hilo madagascariensis alipewa na Linnaeus mwaka 1766. Msomaji atadhani ni ndege wa Bukini. La hasha! Huzaliana mashariki ya mbali ya Urusi, hupumzika katika matope ya Bahari ya Njano, baina ya Uchina na Korea, kisha wengi wao huenda Australia. Jina lilikosea bahari nzima, nalo linatumika hadi leo.

Sisi wapenzi wa lugha twaweza kulicheka kosa hilo, lakini lina funzo. Jina hudumu hata likiwa si la kweli. Hesabu haidumu isiporudiwa. Tangu 1987, kila Januari, watu wa kujitolea katika nchi nyingi za Asia hushika darubini wakahesabu ndege wa majini, mabwawani, mitoni na pwani. Wako wanaouliza: kuna faida gani kuhesabu viumbe wasio na mwenyewe?

Jibu liko Saemangeum, Korea Kusini. Mwaka 2006 ukuta wa bahari wa kilomita 33 uliyafunga malisho ya ndege wasafiri. Watetezi wa ukuta walituliza watu: ndege watahamia jirani. Wahesabuji wakaenda huko jirani kutazama. Chamchanga wa aina ya Calidris tenuirostris, waliokuwa wakitua Saemangeum kwa makumi ya maelfu, hawakuonekana kuongezeka huko kwa kiasi cha waliopotea. Australia nako walipungua. Neno tamu likashindwa na tarakimu. Bila ya daftari za miaka ya nyuma, nani angeweza kulikanusha?

Basi nasema: kuhesabu ni kutoa ushahidi, na ushahidi huanza kwa jina. Pwani yetu nayo hutembelewa na sululu na chamchanga kutoka kaskazini, lakini katika mashairi mengi tunayoandika leo wote wamekuwa “ndege” tu. Wavuvi wazee wangali wanawajua mmoja mmoja. Mshairi, kabla hujatunga, nenda ukawaulize, uyaandike majina hayo. Kisicho na jina hakihesabiki, na kisichohesabiwa hutoweka pasipo mtu wa kukililia.