Ufunguo Mmoja, Mikono Mingi

Wageni wafikao Mji wa Kale, Mombasa, hustaajabia unene wa kuta za Ngome ya Yesu. Lakini Agosti 1631 Sultani Yusuf bin Hassan hakuzibomoa kuta hizo alipowanyang'anya Wareno ngome. Aliingia na watu wake kwa kuwa alikuwa akijulikana mlangoni. Ukuta haumzuii aliyekwisha kufunguliwa.

Mifumo ya mtandaoni inayohifadhi alama na kumbukumbu za wanafunzi wetu nayo ina mlango mkuu: akaunti ya msimamizi. Mwenye kuimiliki aweza kuongeza watumiaji, kubadili alama, hata kufuta jina la mwanafunzi. Hata hivyo, si ajabu kukuta shule ina akaunti moja tu iitwayo "admin", ambayo nenosiri lake walijua mwalimu mkuu, karani na fundi aliyeuweka mfumo.

Neno lenyewe latuonya. "Nenosiri" ni neno na siri. Likigawiwa watu wanne, neno hubaki, siri huondoka. Pamoja nayo huondoka uwajibikaji. Mwaka 2015, katika kashfa ya shilingi milioni 791 za Huduma ya Vijana kwa Taifa (NYS), afisa mmoja mwandamizi alidai kwamba nenosiri lake lilitumiwa na wengine kuidhinisha malipo katika mfumo wa IFMIS. Taifa likabaki kuuliza: aliyebonyeza ni nani hasa? Siku alama zitakapogeuzwa shuleni, swali hilo ataulizwa karani, naye hatakuwa na ushahidi wa kujitetea.

Tufanyeje basi? Nenosiri lililokuja na mfumo libadilishwe kabla ya mfumo kuanza kutumika. Kila msimamizi awe na akaunti yake, kwa jina lake, yenye mamlaka ya kazi yake tu. Pawepo uthibitisho wa pili, kama vile nambari inayotolewa na simu yake. Kila tendo liandikwe katika daftari la mfumo ambalo yeye mwenyewe hawezi kulifuta. Na anayehamishwa, akaunti yake ifungwe siku hiyo hiyo.

Sheria ya Kulinda Data ya 2019 yaitaka taasisi impashe Kamishna habari ndani ya saa 72 tangu itambue uvujaji wenye hatari kwa wahusika. Walimu wenzangu, taasisi isiyojua ni nani aliyeingia itaripoti nini?