Shule Zilizofungwa na Vijana Wasio na Malazi

Kila mwaka, mvua zinapokwisha na kiangazi kinaposhika enzi yake juu ya bonde la Imbo, shule za Burundi hufungwa kwa likizo kubwa, na katika majuma yale yale barabara inayoteremka kutoka Bugarama hujaa vijana ambao hawaji Bujumbura kupumzika. Hutoka Kayanza, Ngozi na Muramvya, wengine wameketi juu ya malori ya mboga, wengine wamelipiwa nauli na mzazi aliyeuza mbuzi, na muradi wao wote ni mmoja: kupata kazi ya miezi miwili itakayowapa fedha za madaftari, sare na karo kabla shule hazijafunguliwa tena mwezi wa Septemba.

Kiangazi ndiyo majira ya ujenzi. Matofali hukauka upesi, misingi huchimbwa bila ya kujaa maji, na waashi, tangu Kanyosha hata Kinama, huhitaji mikono ya kukoroga saruji, kubeba mawe na kupandisha ndoo; kazi ambayo sisi hapa huiita ubuyede, na ambayo haina aibu yoyote, kwa kuwa katika kila ghorofa inayoinuka Rohero au Kinindo limo jasho la wanafunzi waliokuwa wakijifunza hesabu mwezi uliotangulia. Wasichana aghalabu huingia majumbani kufua, kupika na kulea watoto. Wengine huuza maji na karanga katika soko la kwa Siyoni, au kandokando ya masoko ya mitaa, ambayo yalipokea biashara ya mji mzima baada ya soko kuu kuteketea kwa moto tarehe 27 Januari 2013.

Kazi hiyo ni ngumu na ujira wake ni haba, lakini hupatikana. Lisilopatikana ni pahali pa kulala. Nimesikia hotuba nyingi juu ya ajira ya vijana, na naheshimu jitihada zilizofanywa, pamoja na benki ya vijana, BIJE, iliyofungua milango yake mwaka 2020 ili iwakopeshe wenye miradi. Walakini kwa kijana ninayemsema hapa, ambaye hataki mkopo bali anataka kuuza nguvu zake kwa majuma machache arudi darasani, jambo linalotangulia ajira ni malazi, na mpaka sasa sijasikia hotuba juu ya malazi.

Fundi mwashi huchagua watu wake alfajiri, na anayefika jua limepanda hukuta nafasi zimekwisha. Katika miaka hii ya uhaba wa petroli, ambapo basi husubiriwa kwa saa nzima na nauli hupanda pasipo kutangazwa, mtu aliyelala Gatumba au Maramvya hana yakini ya kufika mjini mapema, basi sharti alale karibu. Vyumba vya karibu vipo, katika nyumba ndogo za uani za Buyenzi, Bwiza, Nyakabiga na Musaga, lakini mwenye nyumba hudai kodi ya mwezi kwa mkono mmoja, pengine ya miezi kadhaa pamoja, ilhali kijana hulipwa siku kwa siku, na siku nyingine hakuna kazi kabisa. Gesti hutoza kwa usiku, na usiku mmoja humeza sehemu kubwa ya ujira wa mchana. Tena gesti nyingi za bei rahisi zina wageni wa saa moja, ambao si majirani wa kumfaa mtoto wa watu mwenye miaka 17. Kwa hiyo hukusanyika vijana katika chumba kimoja, wakalala ubavu kwa ubavu juu ya mkeka, au wakamwomba zamu wa shantie, yaani mlinzi wa mahali pa ujenzi, awaachie kona penye mifuko ya saruji, au wakajinyoosha katika baraza ya duka lililofungwa, na asubuhi vumbi na uchovu wao humfanya fundi achague wengine.

Wale wa milimani wana hatari ya ziada, ambayo watu wa mjini huisahau kwa sababu wameizoea. Bujumbura iko kando ya ziwa, katika joto na mbu, na mtu aliyekulia Muramvya, ambako baridi ya usiku humfukuza mbu, mwili wake haukupata kuizoea malaria. Wazee wa milimani waliihofu Imbo kwa homa zake tangu zamani, na hofu yao ilikuwa ya haki. Kijana akilala nje bila chandarua kwa majuma mawili, uwezekano ni mkubwa kwamba akiba yote aliyoichuma itaishia katika zahanati, naye atarudi kwao dhaifu, mikono mitupu, na pengine asirudi shuleni.

Kisha kuna suala la karatasi. Katika miaka iliyofuata machafuko ya 2015, nyumba za mji huu zimetakiwa kuwa na daftari lenye majina ya wakaao humo, na mgeni anayelala huandikwa, nyumbakumi akajua. Siupingi utaratibu huo, kwani mji uliopita katika dhiki kama zetu una haki ya kutaka kujua ni nani aliyemo ndani yake. Lakini kijana anayelala barazani hana daftari la kuandikwa. Wengine hawajatimiza umri wa kupewa karangamuntu, yaani kitambulisho cha taifa, wana kadi ya shule tu. Na msako unapopita usiku huwa wa kwanza kupandishwa garini, si kwa kosa walilolitenda, bali kwa kukosa mlango wa kuonyesha na kusema, mimi nakaa hapa.

Kwa wasichana mambo haya huwa mazito zaidi, nami naona karaha kuyataja kwa ukamilifu. Msichana asiye na pa kulala hukubali kazi yoyote iliyo na kitanda, hata kama ujira wake hautajwi, hata kama mlango wa chumba chake hauna komeo; na akidhulumiwa hawezi kuondoka, kwa sababu kuondoka ni kulala njiani. Dhuluma nyingi za majumbani zingekosa nguvu kama msichana angekuwa na mlango mwingine wa kugonga jioni ile ile.

Watu wa Bujumbura si wakatili, na kwa Buyenzi hasa kulaza mgeni ni sehemu ya nasaba yetu. Waliotangulia kukaa mtaa huu walikuwa wasafiri wenyewe: wafanyabiashara wa Ujiji na Rumonge, watu wa Manyema waliovuka ziwa, askari na wapagazi waliochoka na misafara. Kusini ya mji, Mugere, pana jiwe lenye majina ya Livingstone na Stanley, waliofika hapo tarehe 25 Novemba 1871 wakalala siku mbili. Watalii hupelekwa kulitazama, nami kila nikipita huwaza zaidi juu ya Mukamba, mtawala wa pale, aliyewapokea, ambaye jina lake halikuchorwa. Katika pwani ya Bahari ya Hindi, jumuiya za Mabohora na Waithnaashari zilijenga musafirkhana ili mwenzao anayeshuka chomboni apate chumba kabla ya kupata biashara. Hata tajiri asiye na huruma aliijua hesabu hii: wenye mashamba ya katani ya Tanganyika, walipoanzisha shirika lao la kuajiri vibarua, SILABU, mwaka 1944, waliweka kambi za njiani za kuwalaza na kuwalisha watu waliotoka mbali, wakiwamo Warundi, maana walijua kwamba mtu aliyefika amechakaa hana faida shambani. Ikiwa mwenye kutafuta faida peke yake aliona haja ya malazi, mji wenye kutafuta ustawi wa watoto wake una udhuru gani?

Hisani ya aila imefika ukomo wake. Mjomba mwenye vyumba viwili na watoto saba hawezi kupokea wapwa watatu kwa miezi miwili, na akiwapokea, huwapokea kwa kunyima wengine chakula. Tumeuachia undugu kazi ambayo ni ya mji.

Ninalolitaka ni hili. Katika miezi ile ile ambayo vijana hawa hawana pa kulala, shule zetu zimefungwa, madarasa ni matupu, na katika lisee zenye mabweni vitanda vimepangwa safu kwa safu bila ya mtu. Vyoo vipo, mabomba yapo, kuta na malango yapo, na mlinzi analipwa kulinda utupu. Zifunguliwe shule chache, katika Buyenzi, Kamenge, Musaga na pengine Kanyosha, ziwe dakhalia za wanafunzi wanaofanya kazi wakati wa likizo, za wavulana mbali na za wasichana mbali, kila moja na msimamizi mtu mzima mwenye murua, na ada ndogo inayolipwa kwa usiku ili ilingane na ujira wa siku.

Wazo hili si geni duniani. Mwezi wa Agosti mwaka 1909, mwalimu mmoja wa Ujerumani, Richard Schirrmann, alikuwa safarini kwa miguu pamoja na wanafunzi wake walipokutwa na tufani katika bonde la Bröl, wakapewa hifadhi katika jengo la shule, wakalala juu ya majani makavu. Usiku huo, wenzake wamelala na radi zikiendelea, alitafakari kwamba kila shule ya nchi ile ingeweza kulaza vijana wakati wa likizo. Alianza na darasa la shule yake mwenyewe huko Altena, na kutokana na darasa hilo zilitokea hosteli za vijana ambazo leo zimeenea mabara yote. Wakati ule Wajerumani hao hao walikuwa wakitawala Urundi, na bendera yao ilipepea Usumbura. Bunduki zao zilifika kwetu, wazo la mwalimu halikufika. London nayo, mwaka 1844, George Williams, aliyekuwa mtumishi katika duka la nguo, aliungana na wenzake kuanzisha YMCA kwa ajili ya vijana waliokuja mjini kutafuta riziki wakakuta vyumba vya msongamano na mitaa ya upotovu. Naye hakuwa tajiri wala waziri. Na tangu mwaka 1975 Australia imekuwa ikitoa viza ya likizo pamoja na kazi, ambayo kwayo kijana wa Uingereza au Kanada huchuma matunda miezi michache na kulala katika hosteli za bei nafuu, na kwao humhesabu kuwa amepevuka. Burundi haimo katika orodha ya nchi zinazopewa viza hiyo, wala siombi leo iingizwe. Naomba kijana wa Ngozi apate katika mji wa nchi yake mwenyewe sehemu ya heshima ambayo mgeni huipata ng'ambo ya bahari.

Watakaopinga watasema kwamba malazi ya rahisi yatavuta umati kutoka milimani. Umati huo huja kila mwaka pasipo kuvutwa na yeyote, na swali lililobaki ni kama utalala ndani au nje. Watasema pia kuwa madawati yataharibika na kuta zitachafuka. Hilo lina ukweli, na dawa yake ni dhamana ndogo anayoiweka kila anayeingia, pamoja na juma moja la mwisho wa Agosti ambamo vijana wenyewe, ambao wengi wamekwisha kuwa mafundi wa chokaa na rangi, wataipaka shule upya kabla ya kuondoka. Sijui mwalimu mkuu atakayekataa kupewa shule iliyopakwa rangi.

Pingamizi lenye uzito ni jingine, nalo limo katika historia ya jirani zetu. Serikali ya kikoloni ya Kenya ilijenga Nairobi nyumba za makapera ambamo kibarua alipewa nafasi ya kitanda badala ya chumba, ikamhesabu kuwa hana mke wala wazazi, na malazi ya muda yakageuka kuwa maisha. Na Mombasa, katika migomo ya mwaka 1939, kodi ya nyumba ilikuwa miongoni mwa malalamiko makubwa ya wafanyakazi. Mji unaweza kujificha nyuma ya dakhalia ili usijenge nyumba. Kwa sababu hiyo nataka dakhalia hizi ziwe za likizo tu na za wanafunzi tu, ziwe na siku ya kufunguliwa na siku ya kufungwa inayojulikana na wote, na wala zisitumiwe kama jawabu kwa maelfu ya watu wazima wanaopanga vyumba vibovu mwaka mzima, ambao haki yao ni kubwa kuliko hii na inahitaji makala nyingine.

Faida ya karatasi nayo itapatikana humo humo. Msimamizi ataandika jina la kila anayelala, shule anakotoka na kilima cha wazazi wake, nakala itakwenda kwa nyumbakumi na kwa mkuu wa mtaa, na kijana atapewa hati fupi inayosema anakaa wapi. Basi askari wa doria atajua, mwajiri atajua, na mama aliyebaki Kayanza, ambaye sasa hulala akikisia, atakuwa na pahali pa kupiga simu. Vyandarua vinaweza kuombwa kwa mashirika ya afya yaliyokwisha kuvigawa nchini kwa miaka mingi. Misikiti na parokia za mitaa, ambazo hata sasa hupokea wasiokuwa na pa kwenda, hazitakosa watu wa kusaidia usimamizi, na kamati za wazazi zitaangalia hesabu.

Hakuna katika haya jambo linalosubiri jengo jipya wala mfadhili wa mbali. Linalosubiriwa ni barua ya wizara yenye dhamana ya elimu kwa wakuu wa shule chache, yenye ruhusa na masharti, nayo yafaa iandikwe kabla ya Pasaka, kwa kuwa waalimu wakuu hupanga mambo ya likizo mapema, na mwezi wa Julai malori ya mboga yatakuwa yamekwisha kuanza kuteremka.